Nimepokea kazi ya kutafsiri barua za "Kiebrania" kumbe ni Kiyidi, na advansi nimeshaila. Msaada wakuu

Fremu ya Posta

Wakuu habari za jioni, poleni na foleni na hii mvua.

Niende kwenye mada. Nina kisteshenari changu mitaa ya Posta, nafanya fotokopi, naskani, nachapa barua za maombi ya kazi, na pembeni natafsiri Kiingereza kwenda Kiswahili na Kiswahili kwenda Kiingereza, vyeti vya kuzaliwa, mikataba ya nyumba, wosia, vitu kama hivyo. Wiki 3 zilizopita kaja mama mmoja mtu mzima wa Upanga, mstaarabu kwelikweli, nikamwamkia akakaa, akaniuliza mwanangu unaweza kunipatia mtu wa kutafsiri Kiebrania. Sasa njaa ya Januari mnaijua, nikamwambia mama ondoa shaka hapa lugha zote tunafanya.

Mume wake ni marehemu. Mama mkwe wake alikuja na wale wakimbizi wa Kipolandi waliowekwa kambi ya Tengeru kule Arusha kuanzia 1942, wenzake wengi vita ilipoisha wakaondoka, yeye akaolewa akabaki hukuhuku. Kafariki zamani, kaacha sanduku la bati lina barua 19 na karatasi moja ina mihuri. Wajukuu wanataka kusoma barua za bibi yao kwa Kiswahili, na ile karatasi ya mihuri inatakiwa na wakili huko nje mambo ya mirathi.

Kanipa laki 3 ya kuanzia. Laki na nusu imeenda kwenye kodi ya fremu siku ileile, sitaki kudanganya.

Nikampelekea jamaa yangu aliyekaa Israel miezi 11 kusomea kilimo. Kaishika barua kaanza kuisoma kwa sauti utadhani yuko sinagogi, kafika mstari wa tatu kanyamaza. Ananiambia broo herufi zote nazijua ila maneno siyaelewi, naona Shabati, naona majina ya watu, hayo mengine sijui ni nini. Nikaona isiwe kesi, nikaingia mtandaoni nikapata watu wanajitangaza Kiebrania kwa masaa 24, nikawalipa barua moja ya majaribio. Wamerudisha Kiingereza nusu hakieleweki, maneno waliyoshindwa wameyaandika tu kwa herufi zetu na chini wameweka kimstari kwamba hii lugha "huenda ni Yiddish", yaani Kiyidi. Huenda! Hela wameshachukua.

Na kilichonimaliza kabisa, katikati ya barua kuna neno la Kiswahili. Wameandika "mume Rokhl" anasalimia na anatuma busu kwa watoto. Sasa Wayahudi wa Poland kabla ya vita Kiswahili wamekitoa wapi, au bibi alikuwa na mume wa kwanza? Nimwambie nini yule mama?

Naomba mwenye uelewa wa hii lugha na hizi kazi anisaidie, matusi wekeni akiba.

Ngosha wa Kimara

Mkuu umekula hela ya mjane halafu unaomba matusi yawekwe akiba 😂😂 Haya sisi tunasubiri wataalamu.

Mjuzi wa Yote

Hiyo ni Kiebrania cha zamani, kile cha kwenye Agano la Kale ndo maana jamaa wa kilimo kimemshinda, cha Israel ya leo ni cha kisasa. Tafuta mchungaji aliyesoma theolojia akapiga Kiebrania chuoni, atakumalizia kwa soda mbili.

Kalamu ya Mwanzi

Mjuzi wa Yote kwa heshima zote hapo umempoteza mwenzio, mchungaji atakwama mstari wa tatu uleule.

Mimi hizi kazi za tafsiri ndo zinanilisha mwaka wa 12 sasa, Kiyidi chenyewe sikifanyi ila nimeshapokea kazi zilizotokea huko kupitia Kiingereza, na nilishaumia nikajifunza, kwa hiyo nitaandika kirefu mnisamehe.

Kiebrania ni ndugu wa Kiarabu na Kiamhari. Kiyidi ni ndugu wa Kijerumani. Kilizaliwa kama miaka 1000 iliyopita kwa Wayahudi waliokaa bonde la mto Rhine, wakawa wanasema Kijerumani cha majirani zao ila wanakiandika kwa herufi za Kiebrania, kulia kwenda kushoto, na mambo ya dini wanayaita kwa Kiebrania. Sentensi ya zamani kuliko zote yenye tarehe ni ya 1272, ipo kwenye kitabu cha sala cha mji wa Worms, inamtakia siku njema mtu atakayekibeba kile kitabu kukipeleka sinagogi. Baadaye wakasogea mashariki, Poland, Lithuania, Ukraine, lugha ikazoa maneno ya huko, mpaka bibi wanamwita bobe na babu zeyde, hayo si ya Kijerumani wala ya Kiebrania.

Ukitaka kuona undugu chukua "nimenunua kitabu". Mjerumani anasema ich habe ein Buch gekauft, Myidi anasema ikh hob gekoyft a bukh. Jamaa yako wa kilimo hapo haokoti kitu kwa sababu hakuna hata neno moja la Kiebrania. Na ukichukua Mjerumani ukamsomea barua kwa sauti atadaka mengi tu, ila kila linapopita neno la sala, la sikukuu, la ukoo, anabaki anakutazama. Hayo ya Kiebrania ndani ya Kiyidi yana kisa chake kingine, hayaandikwi yanavyotamkwa, yanaandikwa vilevile kwenye Kiebrania bila irabu, wakati maneno mengine yote irabu zipo. Kwa hiyo kwenye mstari mmoja una kanuni mbili za kuandika, na lazima mtu awe amekulia humo au amesomea.

Siku nyingine usidanganyike hivi: kwenye maandishi ya kuchapwa angalia herufi inayofanana na y yetu, inaitwa ayin. Kwenye Kiyidi ndo irabu e kwa hiyo imejaa kila kona kama vitunguu kwenye kachumbari. Ukiona zimejaa hivyo mwambie mteja mama hii siyo Kiebrania, subiri kwanza nisichukue hela.

Sasa "mume" wako. Nimecheka mpaka mke wangu kaja kuuliza kuna nini. Mume kwa Kiyidi ni shangazi. Au mama mdogo, au mama mkubwa, dada wa yeyote kati ya wazazi wako ni mume. Rokhl ni Raheli, jina la kike. Bibi hakuwa na ndoa ya siri mkuu, kasalimiwa na shangazi yake.

Ngosha wa Kimara

Mume ni shangazi aisee 😂 hii naondoka nayo, leo nikifika home naanza nayo.

Mswahili wa Bagamoyo

Assalam aleikum wadau. Mimi nataka niseme kitu kwa huyu ndugu wa steshenari ili asijione mjinga peke yake.

Babu yangu kaacha daftari za hesabu za mnazi na barua za madeni, zote Kiswahili, zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu kama walivyokuwa wakiandika wazee wote wa pwani kabla ya Mjerumani. Nilishawahi kumpa bwana mmoja wa Oman alikuja kutembea, akasoma vizuuuri, haelewi. Kashika maneno kama kitabu, hesabu, dua, deni, basi akasema hiki ni Kiarabu kibovu. Nikamwambia bwana wee hicho si Kiarabu kibovu ni Kiswahili kizuri. Ndo yaleyale. Herufi ni kanzu tu, aliyeivaa humjui mpaka aongee.

Halafu hizo barua juu kabisa pembeni hakuna viherufi viwili vina alama kama mikato? Sisi barua za wazee juu unakuta 786, yaani bismillahi. Hao nao nasikia wana chao.

Fremu ya Posta

Kalamu ya Mwanzi mkuu Mungu akubariki, nimemwandikia "mume wake Rokhl" kwenye rasimu na nilikuwa nimeshaiprinti!! Bahati haijafika Upanga.

Mswahili wa Bagamoyo ndiyo vipo, barua zote 19. Nimeweka hapo picha ya kipande cha juu cha barua ya kwanza, majina nimeyafuta. Hapo pembeni pia kuna herufi 4 nadhani ni tarehe, wale wa masaa 24 waliiruka.

Kalamu ya Mwanzi

Viherufi viwili vya juu ni bet na hey, kifupi cha kumshukuru Mungu, shehe wa Bagamoyo umelenga palepale. Mtafsiri mbovu anaviacha au anavifanya herufi za jina la mwandishi, nimeshaona mzee wa watu kabatizwa jina jipya na wakala. Kingine utakachokutana nacho ni herufi mbili mwishoni mwa jina la mtu, zayin na lamed, maana yake kumbukumbu yake iwe ya baraka, yaani marehemu. Ukilikosa hilo unaandika barua nzima mtu aliyekufa anatuma salamu.

Zile 4 ni mwaka. Nasoma tav, resh, tsadi, khet. Shehe hebu hesabu wewe.

Mswahili wa Bagamoyo

Subhanallah, hiyo ni abjadi yetu, kila herufi na namba yake! Te 400, re 200, sadi 90, hee 8. Jumla 698. Madrasa tulichapwa kwa hizi.

Kalamu ya Mwanzi

Hizohizo shehe, thamani moja. Kwenye kalenda ya Kiyahudi elfu 5 hawaiandiki inajulikana, kwa hiyo 5698, toa 3760 uje kwenye kalenda yetu unapata 1938. Mwaka wao unaanza Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, na huo ni wa kuanzia Septemba 1937 mpaka Septemba 1938, lazima uangalie mwezi, usikurupuke kuandika 1938 tu.

Sasa turudi kwenye kazi. Fremu ya Posta, ulichofanya cha pili ambacho ni kibaya kuliko kula advansi ni kutaka kupitia Kiingereza bila kumuuliza mtu. Najua utapitia huko tu kwa sababu mtu wa Kiyidi moja kwa moja kwenda Kiswahili mimi sijawahi kumpata na nimetafuta. Lakini jua Kiingereza kinapopita ndugu wanapotea. Kiyidi kina neno makhetonim, wazazi wa mke wangu na wazazi wangu mimi wanaitana hivyo. Kiingereza hakina hilo neno, atakuandikia "in-laws", na wewe hapo Posta kwa haraka unaweka mashemeji, umeshaharibu, wakati sisi tunalo, mkwe mwenzangu yupo kila ukumbi wa harusi kuanzia Sinza mpaka Mbagala. Kuna keynehore, wanatamka mtu akisifia mtoto au mali ili jicho baya lisimpate, Kiingereza kitakuzungusha mstari mzima na sisi tunasema mashallah tu tumemaliza. Kuna du na ir, wewe wa rika lako na wewe wa heshima, kwa Kiingereza zote you, lakini mtoto anayemwandikia baba yake kwa ir wewe unatakiwa uanze na shikamoo baba.

Upande mwingine pia kuna shida. Wao mjomba na baba mdogo wote ni feter, shangazi na mama mdogo wote ni mume. Hapo Kiswahili ndo kinachobana, hakikubali uandike bila kujua ni upande wa nani. Kwa hiyo usikisie. Chora ukoo kwenye karatasi na mama wa Upanga ukiwa umekaa naye.

Namna ya kufanya: tafuta mtu anayesoma mwandiko wa mkono, maana herufi zao za mkono ni tofauti na za kuchapwa, na mwambie anakili kwanza barua yote ilivyo ndo atafsiri. Ni malipo mawili na ndo maana ni ghali, wakala anayekupa bei ya neno moja bila kuomba kuona picha mkimbie. Mwambie pia familia ilitoka sehemu gani, kwa sababu Wayahudi wa Poland walisema git (nzuri) pale wa Lithuania waliposema gut, na watu wa kawaida waliandika wanavyotamka. Waandikie YIVO, taasisi ya utafiti wa Kiyidi iliyoanzishwa mji wa Vilna 1925 na sasa iko New York, au Yiddish Book Center kule Amherst, Massachusetts, hawa wanafundisha mpaka watafsiri wachanga, waulize wakuelekeze kwa mtu. Omba ukurasa mmoja wa mfano. Na akimaliza yeye, mtu wa pili apitie, hata kiwango cha ISO 17100 cha huduma za tafsiri kinataka hivyo, si maringo yangu.

Dogo wa Makumbusho

Si aweke tu Google jamani mbona mnamzungusha, Kiyidi kipo nimeangalia

Kalamu ya Mwanzi

Kipo tangu 2009 mdogo wangu, kiliingia kundi moja na Kiswahili chetu, kwa hiyo jiulize Kiswahili cha Google unakiaminije kwenye mirathi. Afu kinataka maandishi yaliyochapwa, huu ni mwandiko wa mkono wa watu wa kijijini karibu miaka 90 iliyopita, mashine utailisha nini? Ukishapata nakala iliyochapwa tumia kuonjea, sikatai hata mimi natumia.

Bi Mihuri

Habari wapendwa. Nimefanya kazi ofisi ya wakili miaka mingi naomba niguse ile karatasi maana naona mmenogewa na barua.

Mdogo wangu hiyo karatasi usiitafsiri Kiswahili kabisa, ya nini? Wakili yuko nje, anataka lugha ya kwake. Ukitafsiri Kiswahili halafu Kiingereza umeongeza makosa na gharama. Kwanza una uhakika ni Kiyidi? Watu huwa wanatupia kila kitu kapu moja. Vyeti vya serikali ya Poland viliandikwa Kipolandi, angalia kama mihuri ina herufi za kawaida. Kama ni hivyo unahitaji mtafsiri aliyeapishwa wa Kipolandi, kule wanasajiliwa na Wizara ya Sheria, kaulize ubalozini kwao. Na kama ni karatasi ya ndoa ya kidini basi hiyo lugha ni Kiaramu, si Kiebrania wala Kiyidi, mtu mwingine kabisa.

Na usije ukapiga muhuri wa kamishna wa viapo ukadhani umeithibitisha tafsiri. Ule unathibitisha kwamba wewe ndiye uliyeapa mbele yake. Ukiapa kwamba umetafsiri lugha usiyoijua hicho ni kiapo cha uongo, ni kesi hiyo. Kwa upande wa Kiswahili hizo barua wakizitaka rasmi baadaye, BAKITA wapo wanatafsiri na wanathibitisha, lakini barua za bibi kwa wajukuu muhuri wa nini jamani.

Hela ya mama mwambie ukweli. Wazee wanajua kusamehe kuliko kudanganywa.

Mjuzi wa Yote

Sawa nimekubali kuhusu Kijerumani. Ila basi hiyo si lugha ni lahaja ya Kijerumani.

Kalamu ya Mwanzi

Hahaha kuna mtaalamu wao mkubwa, Max Weinreich, aliusambaza huo msemo mwaka 1945 kwa Kiyidi chenyewe, kwamba lugha ni lahaja yenye jeshi la nchi kavu na la majini. Waulize watu wa Mombasa walivyoambiwa 1928 kwamba kilicho sanifu ni Kiunguja, watakupa mhadhara wa bure.

Kabla ya vita walikuwa wanakisema watu kama milioni 11. Katika Wayahudi milioni 6 waliouawa, wengi mno walikuwa wasemaji wake. Leo kinasikika zaidi kwa Wahasidi, wale Wayahudi washika dini sana, Brooklyn na Kiryas Joel kule New York, Antwerp ya Ubelgiji, Stamford Hill ya London, Jerusalem, huko watoto wanakizungumza nyumbani na jimbo la New York linatoa matangazo ya afya kwa Kiyidi. Kwa hiyo watafsiri wapo na wana kazi za kila siku, hospitali, shule, mahakama. Ila huyo wa hospitali si lazima aweze mwandiko wa 1938, muulize kabla hujalipa.

Fremu ya Posta barua ya mwisho ni ya lini?

Fremu ya Posta

Wakuu nimerudi, samahani kimya cha siku nyingi.

Nilikwenda Upanga Jumamosi. Nilimwambia yote, laki na nusu, wale wa masaa 24, na ile "mume". Alinyamaza nikajua leo naitiwa polisi, kisha akacheka mpaka akavua miwani. Hela kasema niendelee nayo iingie kwenye kazi, ila sasa tumeandikishana. Karatasi ya mihuri Bi Mihuri ulikuwa sahihi, ni Kipolandi, nimeitoa mikononi mwangu kaipeleka mwanae mwenyewe. Barua tumepata mtu kwa njia uliyosema Kalamu, ananakili kwanza, keshamaliza 4.

Barua ya mwisho ni ya Agosti 1939. Nilimwambia mama pengine nyingine zilipotea safarini, akaniambia hapana, hazikupotea, mama mkwe alikuwa akisema baada ya hapo hakuna aliyeandika.

Sasa nimekwama hapa. Mume Rokhl ni dada wa baba au wa mama? Yule mama hajui. Kuna wifi yake mkubwa yuko Usa River kasema atampigia leo jioni, kwa hiyo kwenye rasimu nimeacha nafasi wazi kabla ya jina.